Je, Wajua? Watoto Wapelelezi wa Berlin

Filamu ya Kijerumani ya 1931, Emil und die Detektive, inaonyesha watoto wa Berlin wakimwandama mwizi hadi wakamnasa. Miaka 2 baadaye, Hitler alishika madaraka.

Mei 10, 1933, wafuasi wa Nazi walichoma hadharani vitabu vya Erich Kästner, mtunzi wa hadithi hiyo. Mwenyewe alikuwepo, amesimama katikati ya umati, akitazama!

Billy Wilder, Myahudi aliyeandika muswada wa filamu, alikimbia nchi.

Baadhi ya watoto walioigiza hawakupona, na hilo linauma. Rolf Wenkhaus, aliyekuwa Emil, na Hans Albrecht Löhr, aliyekuwa Dienstag mdogo, wote waliuawa vitani 1942. Urafiki wa Löhr na Kästner unasimuliwa katika filamu Kästner und der kleine Dienstag.