Unene na Wembamba wa Herufi: Kalamu ya Mwanzi na Chapa

Karani wa pwani aliyefuata msafara hata Unyanyembe aliandika barua za biashara kwa herufi za Kiarabu na kalamu ya mwanzi. Kalamu hiyo huchongwa ncha pana, ikakatwa mshazari; kwa hiyo mkono hauna haja ya kukandamiza ili mstari unenepe, kwani unene hutokana na upande uelekeao ncha. Wajuzi wa khati hupima herufi kwa nukta, yaani alama ya ncha hiyo ikigusa karatasi mara moja. Hapa unene huangukia zaidi mistari ilalayo.

Herufi za Kirumi zina desturi kinyume: mstari usimamao ndio mnene. Tofauti hiyo ilifikishwa ukomo wake mwishoni mwa karne ya 18 na Giambattista Bodoni (1740–1813) mjini Parma, na jamaa ya Didot mjini Paris. Nguzo za herufi zao ni nene, na viungo ni vyembamba kama unywele. Hata leo herufi za jinsi hii hupamba majalada ya majarida ya mitindo, kama vile Vogue, na vibandiko vya manukato.

Je, Kiswahili huvaa vazi hili vizuri? Yategemea ukubwa. Litazamwe neno “mnunuzi” katika herufi ndogo: lina nguzo 12 zilizosimama, na z moja tu ya kuzitenga. Viungo vyembamba vikififia, msomaji hubaki na ua wa miti. Tena upatanisho wa sarufi huzidisha taabu, maana katika “mnunuzi mmoja muungwana” ile m hurudi katika kila neno. Lugha yenye viambishi vichache haipatwi sana na jambo hili.

Katika herufi kubwa mambo hugeuka. UNYANYEMBE lina N, Y na M, ambamo unene na wembamba hupokezana. TABORA nalo, kwa uduara wa O baina ya miguu ya A na R, ni zuri mno kwa jalada.

Gazeti la Kiongozi, lililoanza kutolewa Tabora mwaka 1950, lilikuwa kazi ya namna nyingine. Karatasi ya gazeti hunywa wino, na mstari wa unywele ama hukatika ama huvimba. Kwa habari ndefu zafaa herufi zenye unene wa wastani; za Bodoni na ziwekwe kwenye kichwa cha habari.

Tippu Tip, aliyeijua sana njia ya Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayageuza katika herufi za Kirumi, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Maneno yalivuka, lakini mkono haukuvuka. Mchapaji atakaye kulipamba jalada la kitabu hicho kwa khati zote mbili yampasa aandae kwanza alifu, apime nukta zake, kisha achague herufi za Kirumi ambazo nguzo yake inalingana na nukta hiyo.