Kimya si Kifo: Habari za Zamu za Kompyuta

Mzazi wa hapa Lagangabilili akiisha kuuza pamba yake, aweza kumpelekea mwanawe fedha kwa simu. Hesabu ya fedha hizo haikai ndani ya simu, bali katika kompyuta kubwa ziitwazo seva. Kwa kuwa seva yoyote yaweza kuharibika, mafundi huziweka mbili au zaidi pamoja. Moja hushika zamu. Nyingine hunakili kila linaloandikwa na kungoja. Ya kwanza ikifa, ya pili hushika zamu. Mpango huu ni mzuri, lakini una hatari moja: zamu kuhamishwa pasipo haja.

Je, seva ya akiba hujuaje kwamba mwenzake amekufa? Kila baada ya muda mfupi hupelekeana ishara, mfano wa mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma, ile ya akiba hudhani mwenzake amekufa. Lakini kimya si kifo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zipitazo chini ya bahari, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Kompyuta hazikufa, njia ndiyo iliyokatika. Vivyo hivyo, waya wa seva ukilegea, ya pili yaweza kutwaa zamu na hali ya kwanza haijaiacha.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Seva mbili zikiandika kila moja kwa upande wake, fedha iliyotolewa huku haionekani kule, na hesabu hazipatani tena.

Tarehe 21 Oktoba 2018 jambo la namna hii liliipata GitHub, kampuni ya Marekani itunzayo kazi za waandishi wa programu. Mawasiliano katika pwani ya mashariki yalikatika kwa sekunde 43 tu. Zamu ikahamia pwani ya magharibi, na kila upande ukabaki na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo. Kuyatengeneza kulichukua zaidi ya saa 24.

Basi, yafaa kufanya nini? Kwanza, pigo moja likikosekana, seva ingoje mapigo kadhaa. Pili, mapigo yapite njia mbili zilizo mbalimbali. Tatu, ziwepo seva tatu zenye kura, ili zamu isihame bila akidi, yaani bila mbili kukubaliana. Nne, seva inayodhaniwa kufa izimwe kabisa kabla nyingine haijaanza kuandika. Tano, fundi akitaka kufanya matengenezo, ausimamishe kwanza uhamishaji wa zamu. Sita, seva iliyopona isirudishiwe zamu papo hapo, isije ikawa zamu yaenda na kurudi kutwa.

Kweli, kungoja kuna gharama, maana kwa muda huo mzazi hapati huduma. Lakini sekunde chache za kungoja ni nafuu kuliko siku nzima ya kusahihisha hesabu.

Hata darasani twalijua jambo hili. Kiranja akichelewa kidogo, msaidizi asikimbilie kutoa amri. Atume mtu kwanza akamtazame. La sivyo, darasa litakuwa na amri mbili. Na seva nazo ziwe vivyo hivyo: zihakikishe kwanza, ndipo zishike zamu.