Mkia wa Nguva

Ukiweka mtandaoni mchoro wa nguva, yule mnyama wa baharini, uliopimwa na kuandikwa majina ya viungo, maoni ya kwanza huwa yale yale: huo ni mchoro tu, picha halisi iko wapi? Anayeuliza hivyo anaamini kuwa kamera ni shahidi na kalamu ni pambo. Kwenye pwani hii ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Mtanda hadi Kilwa Masoko na visiwa vyake, imani hiyo inatugharimu, kwa sababu simu zile zile zinazodai picha halisi ndizo zinazosambaza video ya mwanamke mwenye mkia wa samaki aliyeokotwa ufukweni. Video inaaminiwa kwa kuwa inatikisika na ina kelele za watu. Mchoro uliotokana na mnyama aliyepimwa kwa futi kamba unakataliwa kwa kuwa ni mchoro. Ni kosa, na limerudiwa vya kutosha.

Mwaka 1842 mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum aliwaonyesha watu wa New York kitu alichokiita nguva, na waliokitazama walikiona kwa macho yao. Kilikuwa kiwiliwili cha nyani kilichoungwa na mkia wa samaki. Mwaka 2012 televisheni ya Animal Planet ilirusha kipindi kuhusu watu-samaki chenye waigizaji waliojifanya wanasayansi na viumbe vilivyotengenezwa kwa kompyuta. Watu wengi walikiamini, na mwaka huo huo NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, ikatamka wazi kwamba hakuna ushahidi wa binadamu wanaoishi majini. Leo akili mnemba inatoa picha kama hizo kwa sekunde chache. Kamera hurekodi kilichowekwa mbele yake, haikitambui. Hata mnyama akiwa wa kweli, picha nyingi zinazoitwa za nguva ni za manatii, jamaa yake wa Florida, Amazoni na Afrika Magharibi, ambaye haishi kabisa katika Bahari ya Hindi. Tazama mkia. Wa manatii ni bapa na wa mviringo kama upawa. Wa nguva umegawanyika pande mbili zenye ncha, na mkato katikati, sawa na wa pomboo. Tazama na mdomo: wa nguva umeinama moja kwa moja chini, kwa sababu anakula nyasi bahari na kuzing'oa pamoja na mizizi yake. Jike ana chuchu mbili, karibu na kwapa, na huenda hapo ndipo habari ya mwanamke ilipoanzia. Mkia, mdomo na kwapa: mchoraji makini huvionyesha vyote kwa pamoja, jambo ambalo picha moja hulifanya kwa nadra sana.

Maji ya kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa mara nyingi ni ya matope, na nguva hutoa matundu ya pua tu, huvuta pumzi, huzama. Simu itakupa doa jeusi. Aliyekufa kwenye jarife naye huvimba na kubadilika umbo. Kwa hiyo mchoraji anayefanya kazi bega kwa bega na mwanasayansi huchukua vipimo vya mzoga mmoja, fuvu la mwingine na maelezo ya wavuvi, kisha huvikutanisha katika umbo moja linaloweza kuhakikiwa. Thamani ya kazi hiyo ilionekana Desemba 1938 huko East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alichora kwa mkono samaki asiyemfahamu, akaonyesha mapezi yenye shina nene na mkia wenye ncha ya ziada katikati, akamtumia mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith kwa posta. Mchoro huo, ambao si mzuri hata kidogo, ulimtosha Smith kushuku kwamba ni silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria. Mwaka 2003 silikanti wa kwanza kuthibitishwa Tanzania alivuliwa karibu na Songo Mnara, hapa hapa Kilwa.

Utaniambia mchoraji naye hukosea. Hukosea, ndiyo, kama wanavyokosea wanaounganisha mifupa. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 ilisimamishwa Berlin mwaka 1937 ikiwa na miguu ya mbele iliyopinda kwenda pande na mkia ukigusa chini. Mwaka 2007 ikasimamishwa upya, miguu imenyooka na mkia uko hewani. Kosa lilionekana kwa sababu mifupa yenyewe ilikuwepo ya kupimwa. Video ya ufukweni haina cha kupimwa. Utasema pia wazee walisimulia. Simulizi ya nguva ni fasihi yetu na ibaki. Lakini wavuvi wazee wanamjua mnyama mwenyewe vizuri kuliko wengi wanaosambaza picha zake, na ndio wa kuulizwa mchoro unapohakikiwa. Haraka ipo: Desemba 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, waliokomaa wakiwa chini ya 250, na jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa. Anayesubiri kuona mwanamke kwenye wavu hatamtambua nguva aliyenaswa.

La kufanya ni hili. Akiwa hai, inua pua zake juu ya maji, kata jarife, mwachie. Ni mnyama anayelindwa. Akiwa amekufa, mpige picha ubavuni, mkiani na usoni, uweke kasia pembeni ili ukubwa ujulikane, usitumie vichujio vya rangi, uandike tarehe, mahali na aina ya wavu, kisha utoe taarifa ofisi ya uvuvi. Mchoraji aandike vipimo alivitoa wapi na sehemu ipi ameikisia, maelezo yote yawe kwa Kiswahili, na aruhusu mchoro unakiliwe bure mashuleni. Picha zikiwekwa kwenye tovuti ya iNaturalist, wataalamu wataweza kuzihakiki. Ila mahali hasa anapolisha nguva aliye hai pasitajwe hadharani.