Kufuli Lililotoka Kwenye Kivinjari

Septemba 2023, toleo la 117 la Chrome, kivinjari cha Google, lilitoka bila kufuli. Ile alama ndogo iliyokaa kando ya anwani ya tovuti kwa miaka mingi iliondolewa, na mahali pake pakawekwa vistari viwili vyenye vifundo, mfano wa vitelezi vya kurekebishia sauti kwenye redio. Kwenye iPhone hapakuwekwa kitu. Vivinjari, yaani programu tunazofungulia tovuti, husasishwa kila mara, na kila sasisho huja na mapambo yake: kurasa zinazopangwa kwa makundi, kitufe cha akili mnemba, rangi mpya. Mapambo hayo tunaweza kuishi nayo au bila nayo. Kuondoka kwa kufuli ndiko kunakomgusa mkazi wa Ukunda au Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, anayelipa ada na kuomba vyeti kwa simu, na nashikilia kwamba lilistahili kuondoka.

Kufuli hilo asili yake ni miaka ya 1990, enzi za kivinjari cha Netscape, watu walipoanza kuandika namba za kadi za benki mtandaoni huku roho zikiwadunda. Maana yake ilikuwa moja tu: maneno yanayosafiri kati ya kifaa chako na tovuti yamegeuzwa fumbo, na asiyehusika akiyadaka njiani hataweza kuyasoma. Ni kama bahasha iliyopigwa lakiri ikakabidhiwa dereva wa matatu ya Lunga Lunga aifikishe Likoni. Lakiri humzuia dereva kusoma. Haisemi lolote kuhusu tabia ya mpokeaji. Mpokeaji akiwa mwizi, barua imemfikia mwizi salama salimini. Zamani cheti kilichowezesha kufuli kiliuzwa, na bei hiyo iliwachuja baadhi ya walaghai. Tangu shirika la Let's Encrypt lilipoanza kuwapa watu wote vyeti vya bure mwishoni mwa 2015, hata nyumba ndogo ya wageni Shimoni inaweza kuwa na kufuli sawa na la benki. Hilo ni jema. Lakini tapeli naye alijipatia lake kwa dakika chache, bila kutoa senti. Google walipofanya utafiti mwaka 2021, asilimia 11 tu ya walioshiriki ndio waliojua barabara kufuli linamaanisha nini. Alama ambayo karibu watu tisa kati ya kumi wanaisoma visivyo, kasoro ni yake, si ya wasomaji.

Kwa Kwale jambo hili si la wataalamu peke yao. Serikali ya Kenya ilianzisha eCitizen mwaka 2014, na katikati ya 2023 ikatangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimehamishiwa huko. Pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa: safari ya ofisini sasa huanzia kwenye kivinjari. Tangu Januari 2024 wageni wengi wa nje nao huomba idhini ya kusafiri ya kielektroniki kabla ya kupanda ndege, wakiwemo wale wanaokuja kulala katika hoteli za Diani. Tovuti ya serikali ni etakenya.go.ke. Kando yake zipo tovuti za watu binafsi zenye bendera, picha za tembo na jina linalokaribiana, zinazotoza zaidi ya ada halali. Mgeni aliyefundishwa kutafuta kufuli angelikuta kotekote, kwa serikali na kwa anayejifanya serikali. Akishatozwa zaidi, hasira yake humwangukia mtu wa mapokezi au dereva aliyemfuata uwanjani, watu wasiohusika hata kidogo.

Kinachostahili kutazamwa ni anwani yenyewe, na hapo aliyepitia chuo cha Kurani ana mwanzo mzuri, maana jina la tovuti hukaguliwa kutoka kulia kama alivyozoea kusoma msahafu. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, ule mstari ulioinama, kisha rudi nyuma ukielekea kushoto. Ukikuta go.ke, uko kwenye eneo lililotengewa serikali ya Kenya. Ukikuta ecitizen.go.ke.mfano.com, mwenye nyumba ni mfano.com, maneno yote yaliyotangulia ni rangi ya ukutani. Kwenye simu jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa skrini nyembamba hukata anwani ndefu. Inabidi kuigusa ifunguke yote, na ni vyema kufanya hivyo kabla ya kuandika neno la siri.

Pingamizi moja nalikubali bila kusita: serikali yenyewe haijashika kanuni moja. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, imejulikana kwa anwani ya helb.co.ke, mwisho ambao mfanyabiashara yeyote anaweza kuununua. Kumwambia kijana wa Kinango atazame go.ke, kisha kumpeleka kwingine akaombe karo, ni kumchanganya, na dawa ya hilo iko Nairobi. Wengine watasema kwamba mzee aliyeambiwa miaka yote atafute kufuli sasa ameachwa gizani. Sivyo ilivyo. Utaratibu umegeuzwa: tangu Julai 2018 Chrome huandika "Si salama" pale fumbo linapokosekana, na tovuti inayojulikana kwa ulaghai hufunikwa kwa ukurasa mwekundu. Kivinjari sasa hunyamaza mambo yakiwa ya kawaida na husema yakiharibika. Hata hivyo ukurasa mwekundu hutegemea orodha, na tovuti ya wizi iliyofunguliwa leo asubuhi huenda haijaingia humo.

Pingamizi zito zaidi linahusu kusasisha kivinjari, nalo ni la bando na simu kuukuu. Mwaka 2021 Chrome ilianza kutoa toleo jipya takriban kila wiki nne, na kwa anayenunua intaneti ya siku moja moja hilo ni gharama ya kweli. Agosti 2025 toleo la 139 liliziacha simu za Android 8 na 9, simu ambazo bado zinapiga, zinapokea na zinatuma pesa. Siwezi kumwambia mvuvi wa Gazi atupe simu nzima. Ila sasisho huziba matundu ambayo wezi wameshayagundua, na kwenye simu isiyosasishwa matundu hayo hubaki wazi. Kama nyumbani kuna simu mbili, mambo ya pesa na ya serikali yaende kwenye ile inayosasishwa bado.

Wasio na simu ya namna hiyo hukimbilia saiba, na huko hatari ni kompyuta kukumbuka neno la siri la mteja aliyeondoka. Wengi huitegemea Hali Fiche (Incognito) ya Chrome kupita uwezo wake. Kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020 iliishia Google kukubali, mwaka 2024, kufuta mabilioni ya rekodi zilizokusanywa watu wakidhani hawaonekani. Kwa kompyuta ya watu wengi inafaa zaidi Hali ya Mgeni (Guest), isiyochukua chochote cha aliyetangulia na inayofuta historia dirisha likifungwa. Mwenye saiba anaweza kuifanya iwe ndiyo inayofunguka kila asubuhi, na haimgharimu hata shilingi.