Hati za Kale ni Silaha ya Mkufunzi

Miongoni mwa masomo anayopewa kuruta katika majeshi yetu na katika polisi, somo la historia ya vikosi ndilo linalofundishwa kwa vifaa vichache kuliko yote. Bunduki ipo, ramani ipo, kitabu cha sheria kipo. Lakini historia aghalabu hutolewa kwa mdomo tu, na kila mkufunzi huisimulia kama alivyosimuliwa yeye. Matokeo yake ni kwamba vita moja huwa na hadithi kumi, na kuruta hana njia ya kupambanua ipi ni ya kuaminika.

Upungufu huo leo hauna sababu ya kuendelea. Madaftari, picha na orodha za wafu ambazo zamani zilisomwa na wasafiri wachache waliofika London, sasa nyingi zimewekwa katika intaneti, na mkufunzi mwenye simu ya kawaida anaweza kuzifungua akiwa Jinja, Gulu au Mbarara. Linalotakiwa ni kujua pa kutafuta na namna ya kuzihoji hati hizo zikishapatikana.

SHAHIDI ALIYEKUWAPO

Ndugu zetu polisi wanaijua tofauti hii kuliko wengine. Mahakamani, shahidi aliyeona kwa macho yake hawekwi kapu moja na yule aliyesikia sokoni. Hati asilia ni shahidi wa namna ya kwanza. Ni maandishi, picha au kitu kilichotokana na tukio lenyewe, katika wakati wake: daftari la kila siku la kikosi, barua, telegramu, ramani iliyochorwa uwanjani, orodha ya waliokufa. Kitabu kilichotungwa miaka hamsini baadaye kina faida yake, ila mwandishi wake naye alitegemea mashahidi hao hao.

Hata hivyo, shahidi wa macho naye huulizwa maswali. Tuchukue mapigano ya Tanga ya tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi lilishindwa na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika. Hesabu rasmi ya Waingereza inataja hasara ya watu 817, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1920, aliikisia hasara ya adui zake kuwa kubwa kuliko hapo sana. Kila upande ulikuwapo Tanga, na kila upande ulikuwa na sababu ya kuhesabu kwa namna yake. Kuruta akiwekewa hesabu hizo mbili mezani na kuambiwa aeleze kwa nini zimepishana, amekwisha kuanza kufikiri kama afisa wa upelelezi.

MAHALI PA KUTAFUTA

Hazina ya kwanza ni ile ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Daftari lake la waliokufa katika vita vikuu viwili lipo wazi kwa kila mtu bila malipo. Mkufunzi anaweza kutafuta kwa jina, kwa kikosi, kwa tarehe au kwa makaburi. Afahamu mapema kwamba majina ya Kiafrika yaliandikwa na makarani waliosikia kwa masikio ya kigeni. Herufi huongezwa au hupunguzwa, na mara nyingine mtu ana jina moja tu. Kwa hiyo jina lisipopatikana lijaribiwe kwa tahajia nyingine, au itumike namba ya askari au tarehe.

Kwa mfano, somo zima laweza kujengwa juu ya tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache. Watu karibu 1,300 walipotea, wakiwamo mamia ya askari wa Kikosi cha Mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Bahari haina makaburi, lakini majina yao yameandikwa katika mnara wa kumbukumbu uliomo kwenye Makaburi ya Vita ya Nairobi. Kuruta akiitafuta tarehe hiyo katika daftari, ukurasa baada ya ukurasa wa majina ya Kiafrika humfunulia uzito wa msiba huo kuliko hotuba yoyote.

Hazina ya pili ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa la Uingereza, iliyoko Kew, London. Orodha yake husomwa bure. Madaftari ya vita vya 1914 hadi 1918 yamo katika fungu linaloitwa WO 95, na yale ya majeshi yaliyopigana Burma katika vita vya pili yamo katika fungu WO 172. Baadhi ya hati zimepigwa picha na huweza kusomwa kutoka mbali. Nyingine hazisomeki ila Kew kwenyewe, au kwa kulipia nakala. Hata pale hati yenyewe isipopatikana, orodha peke yake humwonyesha mkufunzi kikosi gani kilikuwa wapi, na mwaka gani.

Hazina ya tatu ni gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, ambalo matoleo yake ya zamani hutafutika kwa jina na tarehe. Humo hutangazwa nishani. Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles aliuawa Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, akipambana na vifaru vya Waitalia. Nishani yake ya Victoria Cross ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945. Mkufunzi na aulize darasa: kwa nini ilipita miaka minne na nusu? Ushahidi wa tendo kama hilo hukusanywa kutoka kwa nani, na nani huamua kwamba umetosha?

Ya nne ni picha za Imperial War Museums, makumbusho ya vita ya Uingereza. Picha ni hati kama hati nyingine. Mpiga picha wa jeshi alitumwa, na aliyemtuma alitaka kitu fulani kionekane. Askari anayecheka katika picha huenda aliambiwa acheke.

KIMYA CHA MADAFTARI

Sasa tunafika kwenye jambo zito zaidi. Mkufunzi akiwafundisha makuruta kusoma yaliyoandikwa tu, amewafundisha nusu. Nusu ya pili ni kuona yasiyoandikwa.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Afrika Mashariki yalitembea kwa miguu, na chakula, risasi na dawa vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Malori hayakuweza kupita katika matope, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Kutoka Uganda walikwenda askari wa Kikosi cha Nne cha King's African Rifles, na walikwenda wapagazi pia, wakiwamo wale waliotolewa mwaka 1916 kuyahudumia majeshi ya Ubelgiji. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kambi ya jeshi hilo la wabeba mizigo. Wapagazi walikufa kwa wingi, zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Lakini mkufunzi akilifungua daftari la wafu na kutafuta majina yao, wengi mno hatawaona. Wakubwa wa wakati ule walikubaliana kwamba wapagazi hawahitaji kaburi mmoja mmoja. Zikasimamishwa sanamu za pamoja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, bila majina. Iliwabidi watu wangoje hadi Aprili 2021, ndipo Tume yenyewe ilipotoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengine kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao.

Hilo si jambo la kukatia tamaa. Afrika Kusini, majina ya watumishi weusi wa jeshi waliokufa katika vita hivyo yalipatikana katika madaftari ya zamani yaliyokuwa yamehifadhiwa, na mwezi Januari 2025 mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ulifunguliwa Cape Town. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu hao walikuwa hesabu tu. Madaftari hayo yakawarudishia majina yao.

KAZI YA DARASANI

Tunashauri kila somo litumie hati moja tu, au mbili zinazopingana. Mkufunzi aipakue mapema penye mtandao mzuri, aichapishe, na aandike chini yake ilikotoka. Darasa ligawanywe vikundi vya watu watano watano. Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyo na sehemu maalumu kwa ajili ya walimu, hufundisha hatua tatu ambazo zinatufaa hata sisi: tazama, tafakari, uliza. Kwanza kuruta aseme anachokiona, bila kuongeza lake. Pili aseme anachodhani kinamaanisha. Tatu aulize kile ambacho hati haikusema, na atafute wapi penye jibu.

Maswali ya kudumu yawe haya: Nani aliandika? Lini na wapi? Alimwandikia nani? Alikuwa na faida gani? Nani alikuwapo na hakutajwa?

Walio karibu na Jinja wawapeleke makuruta kwenye Makaburi ya Vita, kisha walinganishe mawe wanayoyaona na orodha iliyomo katika daftari la Tume. Aidha, kila kuruta aagizwe kuwauliza wazee wa kwao. Bado zipo familia zenye nishani sandukuni, barua, au kitambulisho cha babu aliyekwenda Burma.

Tahadhari mbili ni za lazima. Picha inayozungushwa katika simu bila kujulikana ilikopigwa si hati, hata ikipendeza namna gani, hasa siku hizi ambapo kompyuta huweza kuunda sura ya mtu ambaye hakuzaliwa. Pili, kutafuta hati za kale kusiwe mlango wa kutoa nje hati za leo. Mambo ya kikosi kilicho kazini hayawekwi katika mtandao.

DAFTARI LA LEO

Kuna askari wa zamu ambaye usiku huu ameketi mbele ya daftari la kituo, kalamu mkononi, usingizi machoni. Anaweza kuandika kwamba "watu kadhaa" walifika kutoa msaada barabarani, au anaweza kuandika majina yao. Karani wa mwaka 1917 alikuwa na hiari hiyo hiyo. Aliandika "wapagazi 200", akafunga kitabu, akaenda kulala. Wajukuu wa watu hao 200 wanawatafuta mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu mkufunzi, unapomfundisha kuruta kuisoma hati ya kale, mfundishe papo hapo kuiandika ya leo: tarehe kamili, mahali kamili, na jina la kila mtu kama yeye mwenyewe alitamkavyo.