Bweni lililotoka kwenye kichuguu

Kwenye makadirio ya vifaa vya bweni moja linalojengwa pembezoni mwa Manispaa ya Mpanda, kati ya mawe ya msingi na zege la jamvi, kuna mstari mfupi ulioandikwa dawa ya kuua mchwa. Fundi mkuu wa jengo hilo haupiti bila kucheka. Anauwekea kidole, kisha anageuka na kunionyesha rundo la tofali nyekundu chini ya mwembe. Zile zote, anasema, ni kazi ya mchwa. Tumewachukulia nyumba yao, tumeifyatua, tumeichoma, na sasa tumepewa hela tuwanyunyizie sumu wasije kuidai.

Sikufika Mpanda kutafuta vichuguu. AFCON ya mwaka 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa miezi sasa kurasa za michezo zimejaa picha za kreni na nguzo, hasa za uwanja wa Arusha utakaochukua watu 30,000. Nilitaka kujua mkoa ulio mbali na kelele hizo unajenga nini kwa ajili ya vijana wake wanaokimbia na kucheza. Mwalimu mmoja wa michezo akanipeleka kwenye bweni. Mkuu wa shule aliniomba nisiitaje hadi jengo likabidhiwe, nami nimekubali.

Nikamuuliza mwalimu bweni linahusianaje na michezo. Akanitazama kwa huruma. Aliyepita UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari, haulizi swali hilo. Kijiji cha wanamichezo kwetu ni bweni la watu wengine: wenye shule wakienda likizo, mabasi ya mikoa yanaingia, magodoro yanashushwa, na kwa majuma kadhaa vitanda vya deka vinalaliwa na mlinda mlango wa Kagera na mrusha tufe wa Lindi. Mwaka 2019 ilikuwa Mtwara, mwaka 2022 na 2023 Tabora, mwaka 2025 Iringa. Mkoa usio na mabweni ya kutosha haualiki wageni, hata ukiwa na viwanja vizuri vya namna gani.

Wakubwa wa dunia walianza kwa njia nyingine. Los Angeles mwaka 1932 ilijenga nyumba ndogo zipatazo 550 kwa wanamichezo wa kiume wa Olimpiki, na michezo ilipokwisha zikaondolewa. Paris mwaka 2024 ilijenga mtaa mzima kandokando ya mto Seine, kuanzia Saint-Denis, kwa mpango wa kuugeuza makazi na ofisi baada ya wageni kuondoka. Senegal, inayoandaa Olimpiki ya Vijana iliyopangwa kuanza Oktoba 31, 2026, ya kwanza kufanyika Afrika, imechagua kuwalaza wanamichezo kwenye chuo kikuu cha Amadou Mahtar Mbow huko Diamniadio. Yaani mabweni ya wanafunzi. Walimu wetu wa michezo wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote, bila bajeti ile na bila kupigwa picha.

Lakini mimi nilishanaswa na kichuguu.

Kilikuwa nyuma ya eneo la shule, kwenye kiwanja ambacho bado hakijajengwa. Nilichokikuta ni nusu yake. Upande mmoja ulikuwa mzima, umeota miti na majani. Upande wa pili ulikuwa umekatwa wima kwa sururu na chepe, na ndani yake zilionekana njia, vyumba na matundu yaliyopishana bila hata moja kuziba jingine. Fundi alisimama mbele ya ukuta ule akaunyooshea mwiko, akaanza kunisomea jengo: hapa ni hewa inapanda, hapa walikuwa wanalima uyoga wao, hapa chini tulimkuta malkia. Kabla hujachukua udongo, anasema, mtoe malkia kwanza umpeleke mbali. Ukimwacha, wenyewe wataanza ujenzi upya kabla wewe hujafika kwenye lenta, na hawana kamati ya manunuzi ya kuwachelewesha.

Kwa nini kichuguu? Ardhi ya Mpanda, kama ilivyo sehemu kubwa ya ukanda wa miombo, juu yake ina mchanga na changarawe. Ukifyatua tofali kwa udongo huo, jua linapozipiga zinamomonyoka kingo. Udongo wa mfinyanzi uko chini. Mchwa huufuata huko, huupandisha punje kwa punje, huukanda kwa mate, na changarawe wasiyoweza kuibeba huiacha ilikokuwa. Baada ya miaka mingi panakuwa na kilima cha udongo uliochekechwa tayari. Fundi anayejua kazi yake, anasema, hachimbi shimo wakati mwenzake ameshachimba.

Ana vipimo vitatu. Kwanza anachukua donge, analilowesha na kulisokota liwe na unene wa penseli, kisha analining'iniza kutoka mkononi. Likikatika mapema, mchanga umezidi. Likining'inia urefu wa kiganja, anatingisha kichwa. Kipimo cha pili ni meno: anaweka chembe mdomoni, anauma taratibu, na anasikiliza. Mchanga unakwaruza, mfinyanzi unateleza. Nilijaribu nikasikia mkwaruzo tu, akacheka, akasema huo ni mchanga wa barabarani niliokuja nao mwenyewe. Kipimo cha tatu huja mwishoni kabisa, tofali zikishatoka tanuruni: anashika mbili, anazigonganisha. Iliyoiva inalia. Isiyoiva inajibu kwa sauti ya kufa, nayo huwekwa kando kwa ajili ya choo au kuta za ndani zisizobeba mzigo.

Kichuguu kina msimu wake. Mvua zikiisha, mwezi wa nne au wa tano, udongo ungali na unyevu na unakatika vizuri. Ukisubiri hadi mwezi wa nane, sururu inaruka. Hapo utamwagia maji jioni na kurudi asubuhi, na maji ya kumwaga Mpanda mwezi wa nane si ya kila mtu. Udongo unakandwa kwa miguu, unaachwa ulale, unakandwa tena. Ukiwa mfinyanzi mtupu nao ni tatizo: tofali zinapokauka zinapasuka, hivyo unaurudishia mchanga kidogo, ule ule ambao mchwa waliuacha chini. Tofali mbichi hufunikwa nyasi zikauke polepole. Saidia fundi wapya huziona nyasi kama usumbufu, hadi siku wanayokuta kazi ya wiki nzima imepasuka.

Kuna mengine ambayo makadirio hayana safu yake. Swila hupenda vichuguu, kwa hiyo chepe la kwanza hupigwa na mtu mwenye uzoefu na wengine wote wanasimama mbali. Halafu kuna uyoga. Mama mmoja anayeishi jirani alikuja kulalamika, kwa heshima lakini kwa uzito, kwamba mvua za kwanza zikinyesha yeye na wanawe huchuma uyoga pale, na kumbikumbi pia. Amekuwa akichuma tangu mtaa haujapimwa. Kamati ya ujenzi ilimsikiliza. Kiwanja si chake, hilo halina ubishi. Uyoga ulikuwa wa nani? Fundi anasema aliona aibu, akamwachia ule upande wenye miti. Ndiyo maana kichuguu kimebaki nusu.

Nilipouliza huku na kule kama kuna utaratibu wowote kuhusu vichuguu kwenye viwanja vilivyopimwa, kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwenzake.

Swali si dogo. Katika sensa ya mwaka 2022, mkoa huu wa Katavi ndio uliokuwa na kasi kubwa kuliko mikoa yote ya kuongezeka kwa watu, asilimia 7.1 kwa mwaka. Idadi ilipanda kutoka 564,604 mwaka 2012 hadi 1,152,958. Watu hao wanahitaji nyumba, na nyumba zinahitaji tofali. Barabara ya lami kutoka Tabora imefupisha safari, mitaa ya mjini imewekwa lami na taa, na kuelekea Misunkumilo na Ilembo bikoni zinaota kila mahali. Kichuguu kilichokuwa porini juzi leo kiko sebuleni kwa mtu. Wengine hulipa vibarua wakisawazishe. Fundi akisikia hivyo huumia. Hupita na pikipiki mitaa mipya akiwaomba wenye viwanja wamwachie udongo, na baadhi sasa wameshtuka, wanataka hela.

Linalomsumbua zaidi ni kuni. Tanuru la midomo mitatu linawaka usiku na mchana kwa siku mbili au tatu, na yeye hulala pembeni yake. Kuni za kutosha tanuru moja ni miti mingi, na misitu ya hapa ina wenyewe: kuna hifadhi, kuna vibali, kuna wakala wa misitu barabarani. Amejaribu pumba za mpunga kutoka mashine za Kakese. Zinaungua polepole na hazina moto mkali wa kuni. Tofali za katikati huiva vizuri, za pembeni hubaki na rangi ya samli. Hajakata tamaa nazo. Wataalamu wa nyumba bora wanahimiza tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo bila kuchomwa. Anazikubali, ila anasema mfinyanzi wa kichuguu haupatani na mashine ile mpaka uuchanganye sana, na saruji inayofika Mpanda imesafiri mbali, bei yake imechoka kuliko dereva.

Mhandisi anayekagua jengo na fundi hawajaelewana kuhusu tofali. Mhandisi angependa bloku za saruji, kwa sababu zinapimika na ubora wake unaandikika kwenye fomu. Lakini tofali za kuchoma ni mchango wa wananchi. Ndizo zilizoinua boma hadi lenta kabla fedha za serikali za bati, nondo na kenchi hazijafika. Bila kichuguu kusingekuwa na cha kukagua. Nilimwona mhandisi akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, akaandika kitu. Sijui aliandika nini, lakini kipimo chake kilikuwa kile kile cha fundi.

Ingekuwa mkoa mwingine, ningeshangaa kuona bweni litakalokuwa pia kambi ya muda ya wanamichezo likijengwa kwa uzito huu. Katavi inazijua kambi. Mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa sababu ya mgodi wa risasi wa Mukwamba: reli kutoka Kaliua ikafikishwa hapa mwaka 1950, mgodi ukafungwa miaka kumi baadaye, mji ukabaki. Katumba na Mishamo zilianzishwa kuwapokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 kwa muda; leo ni makazi ya raia, na watoto wa huko wako kwenye timu za mkoa. Hapa cha muda kina tabia ya kukaa.

Bweni litalaza wanafunzi 80. Kwa muda mwingi wa mwaka litakuwa la wasichana wanaotembea kilomita nyingi kila asubuhi, na hilo peke yake linatosha kulijenga. Mashindano yakija, litapokea wageni. Mwalimu wa michezo ameshahesabu: pamoja na madarasa na mabweni ya shule jirani, mkoa unaweza kuomba kuandaa angalau ngazi ya kanda. Vyoo havitoshi bado, na maji ni ya kisima kimoja.

Nikauliza uwanja uko wapi. Mwalimu akanionyesha eneo la wazi lenye magoli mawili ya miti na mteremko ambao timu zote mbili huugombania wakati wa kurusha sarafu. Kwenye ramani ya mradi halimo. Mradi ni wa bweni. Hapo fundi akaingilia. Zamani, anasema, wazungu walisakafia viwanja vyao vya tenisi kwa udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji na kuushindilia hadi ukawa sakafu. Hadithi hiyo aliipata kwa fundi aliyemfundisha kazi, na ni kweli, ilifanyika sehemu nyingi za kati na kusini mwa Afrika. Yeye angeanza na njia ya kukimbilia tu, mita mia moja, mistari minne. Ameshapiga hesabu ya tripu za udongo na siku za kushindilia. Udongo ungetoka wapi? Akataja kichuguu kingine, kikubwa kuliko hiki, kwenye kiwanja cha mtu anayeishi Dar es Salaam na ambaye simu yake haipokelewi.

Wiki hii anapaua. Kenchi zimeshapakwa dawa ya mchwa, mara mbili.