Barua Yenye Makonyo Ndani

Kila mwanachama alijua bambo. Gunia hufika kwa mnunuzi, juu yake karafuu nzuri, kavu. Likichomwa bambo katikati, hutoka makonyo. Siku hizi barua za kompyuta nazo zina makonyo yake, na yatupasa kuwa na bambo lake.

Hatari hii si ya visiwani tu. Watazameni wenzetu wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Wamatengo, mabingwa wa kilimo cha ngoro, zao lao la fedha ni kahawa, nayo huuzwa mnadani kwa njia ya vyama vya ushirika. Tangu milimani kwao mpaka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kama huku kwetu, bei na malipo huenda kwa karatasi, na karatasi nyingi sasa huja kwa barua pepe.

Tuseme karani wa chama huko amepata barua ya bei za mnada, pamoja na faili la Word. Alifungua, aona picha iliyofifia na maneno ya kumwambia abonyeze kitufe cha kuruhusu ndipo asome vizuri. Huo ndio mtego. Ndani ya faili mna makro, yaani amri zilizofichwa. Kwa kawaida hulala mpaka zipewe ruhusa. Akibonyeza, huita programu nyingine kutoka intaneti, nayo huiba maneno ya siri, au hufunga hesabu zote za chama mpaka walipe fedha.

Hila hii ni ya zamani. Machi 1999 faili la Melissa lilijipeleka lenyewe kwa watu 50 wa kwanza katika daftari la anwani la aliyelifungua. Mei 2000 ikafuata ILOVEYOU kutoka Ufilipino, programu iliyojifanya barua ya mapenzi. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yatokayo intaneti. Wadanganyifu wakageukia njia nyingine.

Basi bambo letu ni hili. Faili likikuomba ruhusa, usiipe. Mpigie simu mwenye barua kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa humo. Nakala ya hesabu iwekwe mbali na kompyuta. Na aliyekwisha bonyeza asifiche: akate intaneti, amwite katibu saa ile ile. Fedha zilizomo katika hesabu hizo ni jasho la wachumaji na wenye mashamba.